Taa ya Chaja Husema: Jifunze Kuisoma Kabla Hujatupa Betri

Asubuhi moja wakati wa mvua ndefu, mzee mmoja wa upande wa Kieni aliingia ofisini kwetu akiwa na pampu ya mgongoni ya betri. Aliiweka juu ya meza, akavua kofia, akakaa. Nilipomwuliza habari ya nyumbani alijibu kwa sauti ndogo kwamba nyumbani ni kuzuri, ila shambani ni kubaya.

"Karani," aliniambia, "pampu hii imenila pesa. Nimeinunua juzi tu, na tayari imekufa."

"Imekufaje, mzee?"

"Siku ya kwanza ilinyunyiza vizuri sana. Usiku nikaitia kwenye chaja mpaka asubuhi. Siku ya pili ikanyunyiza mara mbili tu ikanyamaza. Nikaitia tena usiku kucha. Siku ya tatu haikutoa hata tone."

Nikamwuliza, "Taa ya chaja ilikuwa rangi gani, mzee?"

"Kijani. Kijani tangu nilipoichomeka mpaka kulipokucha. Na si kijani ndiyo kujaa?"

"Je, hukuiona ikiwa nyekundu?"

Akafikiri kidogo. "Niliponunua, usiku ule wa kwanza, ilikuwa nyekundu halafu ikageuka kijani. Tangu hapo sijaona nyekundu tena."

Tulifungua kifuniko kidogo cha mpira pale mahali pa kuchomekea chaja. Ndani mlikuwa na uchafu mweupe wa dawa iliyomwagika ikakauka. Tulipapangusa kwa kitambaa kikavu na kijiti cha mbao, tukachomeka chaja kwenye soketi ya ofisi. Taa ikawaka nyekundu. Mzee aliitazama taa ile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Pampu yake haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa na njaa usiku wote huo, kwa sababu stima haikuweza kupita katika ule uchafu. Lakini siku zile za kungoja zilikuwa za mvua na mawingu, na ukungu wa viazi haumngoji mtu. Ulikwisha kuingia shambani kutoka upande wa mtoni. Wakati wa kuvuna, mzee huyo hakupata hata nusu ya magunia aliyozoea kupata katika sehemu ile. Hasara hiyo yote ilitokana na taa ndogo isiyozidi punje ya mahindi, ambayo ilisema neno moja na mwenyewe akasikia lingine.

Kwa hiyo mwezi huu tumeonelea yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari ya taa hizi. Siku hizi katika skimu zetu, kutoka Mweiga na Naro Moru mpaka Mwea, vyombo vya betri vimekuwa vingi. Kuna pampu za mgongoni, makasi ya kupogolea kahawa na avokado, misumeno midogo ya mnyororo, na dirili za kujengea mabanda ya ng'ombe. Vyote hivi vinategemea chaja. Na chaja haina mdomo ila taa yake.

VYOMBO HIVI VILITOKA WAPI

Dirili ya kwanza ya betri isiyokuwa na waya iliuzwa na kampuni ya Black & Decker ya Marekani mwaka 1961. Mwaka uliofuata, 1962, ndipo ulipoanza hapa Kenya Mpango wa Ekari Milioni Moja, ambao kwa huo wazee wetu wengi walipata mashamba katika nchi iliyokuwa ya walowezi. Wakati huo mkulima wa skimu alikuwa na panga, jembe, na pampu ya kusukuma kwa mkono. Betri za dirili zile za kwanza zilikuwa nzito na nguvu zake zilikwisha upesi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1991, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za lithiamu. Betri hizi ni nyepesi, nazo hushika nguvu nyingi. Wataalamu watatu waliozianzisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni betri za namna hiyo zilizomo ndani ya simu yako, na ndani ya makasi na misumeno ya siku hizi.

Lakini pampu nyingi za mgongoni bado zinatumia betri ya namna ya zamani zaidi, yaani ya risasi na asidi, ambayo ni ndugu mdogo wa betri ya gari. Yafaa ujue chombo chako kina betri ya namna gani, maana malezi yake si mamoja. Tazama maandishi yaliyo juu ya betri au katika kitabu kilichokuja nayo.

TAA HUPATA WAPI HABARI

Kuna chaja za namna mbili, na tofauti yake ni jambo kubwa kuliko yote katika makala haya.

Namna ya kwanza ni chaja rahisi, kama ile ya mzee wetu. Hii ina waya mbili tu zinazokwenda kwenye betri. Haijui habari ya betri. Inajua jambo moja tu: je, kuna stima inayopita kwa wingi, au haipiti? Ikipita kwa wingi, taa huwa nyekundu. Ikipungua sana, taa huwa kijani. Betri ikijaa, stima hupungua, na kwa hiyo kijani huwa na maana ya kujaa. Lakini stima hupungua vilevile ikiwa waya umekatika, ikiwa tundu lina uchafu, ikiwa fyuzi ya ndani imeungua, au ikiwa hakuna betri kabisa. Jaribu nyumbani: ichomeke chaja ya namna hii ukutani bila kuiunganisha na pampu. Utaona inawaka kijani. Je, imejaza nini? Haikujaza kitu.

Basi kanuni ya chaja rahisi ni hii: betri iliyofanya kazi kutwa haiwezi kujaa kwa dakika moja. Ukiichomeka baada ya kazi, ni lazima uone nyekundu kwanza. Usipoiona nyekundu, usiende kulala. Tafuta kasoro usiku huohuo, kabla dawa haijachanganywa asubuhi.

Namna ya pili ni chaja yenye akili. Hii hutumika kwa betri za lithiamu za kuchomoa, kama za dirili na makasi. Ukitazama chini ya betri utaona vyuma zaidi ya viwili. Viwili ni vya kupitishia nguvu, na vingine ni vya kupeleka habari: joto la betri, na hali ya seli zake. Kwa hiyo taa ya chaja hii inaweza kusema mengi. Inaweza kusema "ninajaza", "nimemaliza", "betri ina joto, nangoja", au "betri hii ni mbovu".

RANGI MOJA, MAANA MBILI

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu amezoea chaja ya jirani, kisha ananunua yake ya kampuni nyingine, naye anadhani rangi ni lugha moja duniani kote. Sivyo. Kila kampuni ina lugha yake. Tazameni mifano hii michache.

Makita, chaja aina ya DC18RC. Kabla ya kutiwa betri, taa ya kijani huwaka na kuzimika: maana yake iko tayari. Ukitia betri, nyekundu huwaka bila kuzimika: inajaza. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, betri imefika karibu asilimia 80. Kijani peke yake ikitulia, imejaa. Nyekundu ikiwaka na kuzimika, betri ina joto au baridi kupita kiasi, na chaja inangoja. Nyekundu na kijani zikipokezana kuwaka na kuzimika, kuna ubovu.

Milwaukee, za volti 18. Nyekundu iliyotulia ni kujaza. Kijani iliyotulia ni kujaa. Nyekundu inayowaka na kuzimika ni joto au baridi, nayo itaanza kujaza yenyewe hali ikiwa nzuri. Nyekundu na kijani kwa kupokezana ni ubovu.

DeWalt, chaja nyingi za volti 20. Hapa nyekundu inayowaka na kuzimika polepole ni kujaza, na nyekundu iliyotulia ni kujaa. Katika chaja kama DCB115, taa ya manjano ikiongezeka, betri ina joto au baridi, nayo inangoja.

Bosch, chaja nyingi za volti 18. Kijani inayowaka na kuzimika ni kujaza, na kijani iliyotulia ni kujaa, au kwamba hakuna betri ndani. Katika zile zenye taa nyekundu, nyekundu iliyotulia ni habari ya joto au baridi, na nyekundu inayowaka na kuzimika ni ubovu.

Sasa fikirini. Nyekundu iliyotulia kwa Milwaukee ni "bado", kwa DeWalt ni "tayari", na kwa Bosch ni "ngoja, kuna joto". Mtu aliyejifunza kwa mmoja ataharibikiwa kwa mwingine. Kwa hiyo usisome rangi peke yake. Soma mambo matatu: ni rangi gani, je, imetulia au inawaka na kuzimika, na je, inakwenda polepole au mbio?

Maana ya taa huandikwa kwa picha ndogo juu ya chaja yenyewe au nyuma yake, na katika kitabu chake. Karatasi hiyo usiitumie kuwashia moto. Mwambie mtoto anayekwenda shule aiandike upya kwa Kiswahili au Kikuyu kwa herufi kubwa, uigandike ukutani juu ya soketi. Kuuliza si ujinga, na kuandika si aibu.

JOTO LA MCHANA NA BARIDI YA GATHANO

Nchi yetu hii ya Mlima Kenya ina tabia ambayo watengenezaji wa chaja huenda hawakuifikiria. Mchana jua la ikweta ni kali, na ghala la mabati huwa kama tanuri. Alfajiri, hasa katika miezi ya gathano, kuna baridi ya kuuma, na mahali pengine jalidi huanguka juu ya majani. Betri moja inaweza kuona hali hizo zote mbili katika siku moja.

Betri ya lithiamu haipendi kujazwa ikiwa katika hali hizo. Viwanda vingi husema ijazwe kati ya nyuzi 5 na nyuzi 40 za sentigredi, au karibu na hapo. Ikijazwa ikiwa na baridi ya barafu, lithiamu hugandamana ndani kama kutu badala ya kuingia mahali pake, na betri hupoteza nguvu ambazo hazitarudi tena. Ikijazwa ikiwa na joto kali, huzeeka upesi. Ndiyo sababu chaja yenye akili hukataa, na taa yake husema "ngoja".

Mkulima anayepogoa kahawa upande wa Othaya au Mukurweini anaweza kumaliza betri saa sita mchana. Aichomoe ikiwa ya moto kutokana na kazi, aitie moja kwa moja kwenye chaja, na taa iwake na kuzimika. Anasema, "Imeharibika!" La, haikuharibika. Imechoka kama ng'ombe aliyelima, nayo yataka kupumzika kabla ya kupewa chakula. Iweke kivulini nusu saa hivi. Au iache palepale kwenye chaja, itaanza yenyewe ikipoa.

Usiitie majini ili ipoe. Usiitie ndani ya friji. Na asubuhi ya baridi usiiweke karibu na jiko ili ipate joto. Iingize tu ndani ya nyumba wanamolala watu, ikae mpaka ifanane na hewa ya nyumba.

TAA IKISEMA UBOVU

Ukiona ishara ya ubovu, usikate shauri mara moja. Haraka haraka haina baraka. Fuata hatua hizi kwa taratibu, moja baada ya nyingine.

Kwanza, zima swichi ya soketi na uchomoe chaja. Chomoa na betri.

Pili, tazama vyuma vya betri na vya chaja. Vipanguse kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji, mafuta, wala msasa. Usiingize msumari au kisu, maana ukigusanisha vyuma viwili vya betri cheche zitaruka.

Tatu, rudisha betri mpaka usikie imeshika. Mara nyingi kosa ni kwamba haikuingia sawasawa.

Nne, ikiwa unayo betri nyingine ya namna ileile, au jirani anayo, ijaribu katika chaja yako. Ikijaa vizuri, basi chaja ni nzima na betri yako ndiyo yenye ubaya. Nayo ikikataa, ubovu huenda uko katika chaja. Kwa jaribio hili dogo utajua ununue kipi, wala hutanunua viwili bila sababu.

Betri ya lithiamu iliyoachwa miezi mingi bila nguvu hata kidogo huweza kukataliwa na chaja. Kuna mafundi wa kando ya barabara wanaosema wanaweza "kuiamsha" kwa kuifunga waya na betri nyingine yenye nguvu. Msikubali. Chaja ilikataa kwa sababu, na sababu hiyo ni kuzuia moto.

TAA ISIPOWAKA KABISA

Anza na mambo mepesi. Je, stima iko? Je, tokeni zimekwisha kwenye mita? Je, swichi ya soketi imebonyezwa? Ichomeke chaja ya simu katika soketi hiyohiyo. Simu ikikubali, soketi ni nzima.

Baada ya hapo tazama plagi. Plagi yetu ya miguu mitatu mara nyingi ina fyuzi ndogo ndani yake. Ikiungua, chaja haipati kitu. Nunua fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa pale, ubadilishe. Usiweke waya, wala karatasi ya fedha ya sigara, mahali pa fyuzi. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba. Ukimfukuza mlinzi, usishangae mwizi akiingia.

CHAJA ILIYOTOKA NG'AMBO

Jambo hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa mimi mwenyewe lilinipata. Ndugu yangu anayefanya kazi Marekani alileta nyumbani makasi mazuri ya betri pamoja na chaja yake. Plagi ilikuwa na miguu miwili bapa. Nikanunua adapta mjini Karatina, nikachomeka bila kusoma. Taa iliwaka mara moja tu kwa nguvu, kukasikika mlio, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Baba yangu aliuliza kutoka jikoni, "Hiyo ndiyo elimu?" Sikuwa na jibu.

Sababu ni hii. Stima yetu ya Kenya ni ya volti 240. Ya Marekani ni ya volti 120, na ya Japani ni 100. Adapta hubadilisha umbo la miguu. Haibadilishi nguvu ya stima. Kuitia chaja ya volti 120 katika soketi yetu ni kuinywesha mara mbili ya kipimo chake.

Kabla ya kuchomeka, geuza chaja usome kibandiko chake penye neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100–240V, inafaa popote. Ikiwa ni 220–240V au 230V, inafaa hapa. Ikiwa ni 120V au 100V peke yake, usiichomeke. Nunua chaja ya kampuni ileile iliyotengenezewa stima yetu. Kwa kawaida betri itafaa, maana tofauti iko kwenye chaja. Na mwenye mtoto ng'ambo amwandikie mapema, kabla hajanunua zawadi.

Jambo lingine linalowasumbua watu ni maandishi ya volti juu ya betri. Betri ya volti 18 na ile inayoitwa ya volti 20 au 21 mara nyingi zina seli 5 zilezile. Kila seli hufanya kazi kwa volti 3.6, na tano zake ni 18. Ikijaa kabisa kila seli hufika 4.2, na tano zake ni 21. Ni kipimo kimoja kilichotajwa kwa namna mbili. Lakini hilo lisikudanganye ukaazima chaja ya kampuni nyingine. Vyuma vya habari havifanani, na chaja isiyopata habari ya joto haiwezi kujizuia.

STIMA YA JUA NA JENERETA

Wakulima walio mbali na nguzo hutumia stima ya jua. Hiyo ni njema, lakini inverta za bei ya chini hutoa stima ya kurukaruka kama ngazi, isiyo laini kama ya nguzo. Chaja nyingine hupata joto au huimba kwa sauti nyembamba zikitiwa hapo. Ukiona hivyo, ichomoe. Inverta inayotoa wimbi laini ni bora kwa chaja.

Jenereta nayo ina shida yake, kwa sababu nguvu yake hupanda na kushuka. Kitabu cha chaja ya Makita DC18RC, kwa mfano, hukataza kabisa kuiunganisha na jenereta. Soma chako kinasemaje.

KUHIFADHI BAADA YA MSIMU

Hapa betri mbili zile hutofautiana.

Betri ya risasi na asidi, ya pampu ya mgongoni, ijaze mara tu baada ya kazi. Ukiiacha tupu, chumvi ngumu huganda juu ya risasi ndani yake na betri hufa. Msimu ukiisha, iweke ikiwa imejaa, na kila baada ya mwezi au miezi miwili ichomeke tena, hata kama huna kazi nayo.

Betri ya lithiamu haipendi kukaa muda mrefu imejaa kabisa, wala tupu kabisa. Iweke ikiwa karibu nusu, mahali pakavu pasipo jua. Betri nyingi zina vitaa vidogo vya kuonyesha kipimo. Viwili kati ya vinne vinatosha. Ichomoe kutoka kwenye chombo na kutoka kwenye chaja.

MOTO

Nyumba zetu nyingi za huku ni za mbao. Hilo ni jambo la kukumbuka kila unapochomeka chaja. Usijaze betri juu ya kitanda, juu ya magunia, wala karibu na pembejeo na mafuta. Iweke juu ya sakafu ya simiti au jiwe, mahali penye hewa, na mtu akiwa macho. Kumbuka pia kwamba pampu ya dawa haiingizwi chumba cha kulala wala jikoni, hata kwa ajili ya chaja. Ioshe kwanza, uijaze mahali pa peke yake, watoto wasipofika.

Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyoanguka majini, au inayotoa harufu, usiijaze tena hata kama taa inakubali. Taa haioni uvimbe. Macho yako ndiyo yanayoona. Ikianza kutoa moshi, watoe watu nje kwanza, na usivute moshi huo. Zima stima kwenye swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia bila hatari.

Betri iliyokufa isitupwe chooni, isizikwe shambani, wala isichomwe na takataka. Irudishe kwa aliyekuuzia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka imewapa wenye kutengeneza na kuingiza bidhaa nchini wajibu juu ya taka zake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Jua maana ya taa za chaja yako wewe, si ya jirani.
2. Kwa chaja rahisi, betri iliyotumika lazima ionyeshe nyekundu kwanza. Kijani cha papo hapo ni cha kushuku.
3. Ishara ya joto au baridi si ubovu. Ngoja.
4. Ishara ya ubovu: chomoa, pangusa, rudisha, jaribu betri nyingine.
5. Soma INPUT kabla ya kuchomeka chaja iliyotoka ng'ambo.
6. Ya risasi ihifadhi imejaa. Ya lithiamu ihifadhi nusu.
7. Chaji juu ya simiti, si juu ya kitanda.

Yule mzee wa Kieni bado ana pampu yake ileile. Msimu uliofuata nilipita kwake nikiwa na Bwana Shamba, tukakuta viazi vimesimama vizuri. Katika banda lake, juu ya soketi, palikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa na mjukuu wake: NYEKUNDU KWANZA. Mzee alituambia kwamba kila jioni ya kunyunyiza, kabla hajala, huenda kutazama taa, kama vile alivyokuwa akienda zamani kutazama kama zizi limefungwa.

Nasi twawaomba wasomaji wetu wafanye hivyo. Mwenye shaka na alete chaja yake katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye, au amwulize fundi anayemwamini, kabla hajanunua nyingine. Ukungu hautangoja uende mjini urudi.